Siku Arobaini za Kumfundisha Shemeji Kuhema

Jumanne, 3 Juni 1947

Dada yangu Kulsumu ameletwa kwangu kabla ya adhuhuri, juu ya baiskeli ya jirani. Taya la kushoto limevunjika. Meno mawili hayapo. Mbavu — mbili, pengine tatu. Nimemfunga taya kama nilivyowafunga askari vitani, nilipokuwa dresa, mfunga vidonda wa jeshi. Hataweza kusema kwa wiki sita.

Chombo: mkanda wa feni wa lori. Sababu: ugali wa ulezi uliopoa.

Uledi, mumewe, dereva wa lori, ni askari mwenzangu wa Burma. Mimi ndiye niliyemwoza Kulsumu kwake. Kule nilimwona akimuua nyumbu wa mizigo kwa kitako cha bunduki kwa kuwa aligoma kuvuka mto. Nilidhani ni ukali wa vita tu.

Alhamisi, 5 Juni

Wamekuja kumdai: Uledi, na ami yake Mzee Yunusu, mwenye duka la nguo Majengo. Uledi alilia. Aliapa kwa Msahafu — hii ni mara ya tatu.

Kwa kuwa mimi ni walii wa Kulsumu, msimamizi wa ndoa yake, nimetoa sharti ambalo hakuna aliyewahi kulisikia: siku arobaini, kila asubuhi, Uledi aketi mbele yangu ajifunze kuhema. Mzee aliuliza kama ni uganga wa Kihindi. Nikamjibu kwamba ni mazoezi, kama kwata ya jeshini. Neno hilo lilimridhisha.

Hakuna aliyemuuliza Kulsumu. Hata mimi.

Elimu hii ya mikao na pumzi niliipata kwa Narayan, mhudumu wa hospitali ya jeshi kule Ranchi, Uhindi. Hadi leo nimefundisha mikao tu, kwa wapakizi wenye kuumwa migongo. Pumzi sijaifundisha. Narayan alizipanga ngazi: kwanza kutodhuru kiumbe, pili kujitawala, tatu mkao, nne pumzi, kisha utulivu wa fikra. Nitaanzia ya tatu. Ya kwanza haifundishiki kwa mtu kama Uledi. Itakuja yenyewe nyuma ya pumzi. Hoja hii ni yangu, si ya Narayan.

Jumamosi, 14 Juni

Baridi kali, upepo wa kukata masikio. Nimemweleza Uledi kwamba tundu la kushoto la pua ni la mwezi, hupoza. La kulia ni la jua, huwasha. Na mtu mwenye ghadhabu ni mtu ambaye jua limemzidi. Kuvuta kwa hesabu ya nne. Kubana kwa kumi na sita. Kutoa kwa nane.

Amepasuka kwa hasira kwenye hesabu ya tisa. Ameupiga ukuta ngumi hadi udongo umedondoka na damu juu yake.

Cornelia, jirani yangu Mfipa, alikuwa anapura ulezi upande wa pili wa ua. "Bwana Dresa, fahali unamfundisha kuhema? Mfundishe kwanza kuacha pembe." Wanawake wenzake walicheka. Uledi naye alicheka. Mimi sikuona cha kuchekesha.

Jumapili, 29 Juni

Kumi na sita! Mapigo ya moyo yameshuka kutoka tisini na sita hadi sitini na mawili kwa dakika. Nimepima mara tatu.

Na ushahidi wa nje: jana Adolfu, mpakizi wa lori la Uledi, alimwaga mafuta ya taa juu ya magunia ya mahindi, kisha akamtukana Uledi mama yake. Watu walirudi nyuma wakisubiri maiti. Uledi alifumba macho, akavuta, akabana, akatoa. Kisha akamwambia kwa upole akachukue vitu vyake ndani ya lori.

Nimeyasikia kwa Adolfu mwenyewe, nilipokuwa ninamshona kidole. Kilibanwa na mlango wa lori, alipokuwa anachukua vitu hivyo. Pingili ya juu haipo tena. Bahati mbaya, alisema.

Nimefurahi kuliko nilivyofurahi vita vilipokwisha.

Jumanne, 15 Julai

Siku ya arobaini. Uledi ameukazia macho mwali wa kibatari kwa robo saa bila kupepesa. Nimemwandikia Mzee Yunusu barua: mtu huyu nimempima, ametulia, namdhamini.

Nimemfungua Kulsumu taya. Neno lake la kwanza lilikuwa swali: nina hakika? Nimemwonyesha jedwali la mapigo ya moyo. Ameliangalia kwa muda mrefu. Hasomi tarakimu. Kesho anarudi kwa mumewe.

Jumatatu, 28 Julai

Ramadhani. Uledi amekuja na samaki wakavu, migebuka ya Kabwe. Uso umetakata, sauti ya chini. "Shemeji, zamani hasira ilikuwa inaniendesha. Sasa dereva ni mimi."

Nimeyaandika maneno haya kama alivyoyasema, kwa kuwa sijawahi kupata sifa kubwa zaidi.

Alhamisi, 31 Julai

Kulsumu amekuja kwa miguu, amenyooka kama aliyejitwika mtungi. Usoni hana kitu. Cornelia amemfungua kanga mgongoni, kisha amekwenda kuchemsha maji.

Mapigo kumi na mawili ya mkanda. Urefu mmoja. Nimepima kwa rula: kati ya alama na alama, inchi moja kamili, na hakuna iliyoikata nyingine. Zamani alama zake zilikuwa kama mvua ya mawe.

Amenisimulia bila kulia. Uledi huketi kwanza, kwa mkao niliomfundisha. Huziba tundu la kulia. Huinuka. Pigo moja. Kisha husimama kimya — Kulsumu amejifunza kuhesabu naye — hadi kumi na sita. Kisha jingine. Hapazi sauti. Akimaliza hunawa na kwenda msikitini kwa sala ya tarawehe.

"Kaka, zamani nilijua akichoka ataacha. Sasa hachoki."

Nimeusoma tena ukurasa wa 29 Juni. Kidole cha Adolfu! Mlango ule wa lori haukujifunga wenyewe. Niliandika kwa mkono wangu na sikuona.

Ijumaa, 1 Agosti

Baada ya sala nimekwenda kwa Mzee Yunusu. Shikamoo yangu ameipokea kwa tabasamu. Nimemweleza yote. Amesema majirani hawajasikia hata kikohozi katika nyumba ile tangu mwezi uandame. Kelele ndizo zilizokuwa aibu, kelele zimekwisha. Kisha akaitoa barua yangu sandukuni.

"Mwanangu, uliongopa siku ile, au unaongopa leo?"

Nimeitazama barua; sahihi ni yangu. Hata mbele ya liwali, mwamuzi wa kesi zetu, barua hiyo itasimama dhidi ya dada yangu, tena kwa mwandiko mzuri. Kesho alasiri Uledi atakuja kumchukua kwa lori.

Jumamosi, 2 Agosti

Asubuhi nimemshauri Kulsumu akimbilie kijijini Kaoze, kwa ndugu za Cornelia. Amesema mumewe anazijua njia zote kuliko mimi. Kisha ameketi juu ya mkeka nilipomfundishia Uledi na kutaka nimfundishe yeye pia.

Nimemwambia kwamba siku moja haitoshi, na kwamba mtu huanzia ngazi ya kwanza, kutodhuru kiumbe. Akauliza kama Uledi alianzia hapo. Hapana.

Nne. Kumi na sita. Nane. Amefika kwenye jaribio la tatu! Wiki sita za kuhemea puani, kinywa kimefungwa, zilikwisha kumfundisha nusu. Mapigo: hamsini na manane. Sijapata mwanafunzi kama huyu.

Ameuliza mkono hutulia zaidi kwenye hesabu ipi. Nimejibu kwa usahihi, kama ninavyojibu siku zote: kuanzia kumi na mbili.

Saa tisa. Lori limesimama nje na injini imezimwa. Trei ya vifaa vyangu vya kushonea na kupasulia, iliyofunikwa kitambaa, iko kando ya goti la Kulsumu, na mkono wake uko chini ya kitambaa. Sikuiweka mimi pale. Naandika kwa mkono mmoja na kuhesabu kwa sauti. Macho yake yako mlangoni. Uledi anabisha hodi kwa adabu, mara ya pili sasa. Kumi. Kumi na moja. Naweza kunyamaza, naye atatoa pumzi na mkono utalegea. Kumi na mbili. Sijanyamaza.