Mwanamke Aliyenirudisha kwa Mama

Mjukuu wangu Neema,

Huku Katubuka hatujambo. Babu yako anakohoa kidogo tu. Umeuliza kama sikuwa na shaka katika lile kundi la maombi. Nilikuwa nayo, ila kiongozi alisema shaka ni shetani, nikaimeza. Alipotukataza kusalimiana na wasiosali nasi, nilimwacha hata mama yangu, miaka miwili.

Wakimbizi walipofika Kibirizi, nilimpa maji mwanamke mmoja kutoka Burundi. Akauliza, "Mama yako yupo?"

"Yupo Ujiji, lakini nimekatazwa kumsalimia."

"Wangu amebaki ng'ambo, sitamwona tena. Wako yuko hapo tu, nawe unamwacha?"

Nilikwenda Ujiji mchana uleule. Kabla sijasema shikamoo, mama akauliza, "Umekula?"

Jina la yule mgeni sikuuliza, lakini namwombea mpaka leo.

Bibi yako