Foleni Nyuma ya Gari la Bluu

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: limehifadhiwa kwa ombi lake, mtaani anaitwa Dada Pasi. Umri: miaka 41. Kazi: mpiga pasi kwa dobi. Makazi: nyumba za nyuma ya duka la magodoro.

Natoa maelezo haya kwa hiari yangu, ingawa afande wa mapokezi amenishauri nirudi nyumbani nikapumzike. Nimeshapumzika vya kutosha.

Mnamo tarehe 9 mwezi wa tatu, saa tisa alasiri, nilikuwa napiga pasi mashati mlangoni kwa dobi. Mdogo wangu wa mwisho, fundi redio, wanamwita Waya, alikuwa kibandani kwake ng'ambo ya barabara. Likaja gari jeupe, halina namba wala maandishi. Wakashuka wanaume wawili wenye nguo za kiraia, wakamkamata mikono. Akaniita, "Dada!" Nikaiacha pasi juu ya shati la watu, nikakimbia. Mdogo wangu aling'ang'ania kioo cha pembeni, upande wa abiria, mpaka ile plastiki nyeupe ya mgongoni mwa kioo ikang'oka. Wakamsukumia ndani, wakaondoka naye. Plastiki ilibaki barabarani, nikaiokota.

Siku ileile nilikuja hapa kituoni. Nikaambiwa, "Mama, magari yetu ni meusi na yana maandishi. Hilo si letu." Nimekuja tena na tena, jibu ni hilohilo. Nyumbani mama yetu anamwekea chakula kila jioni, asubuhi anakimwaga. Hilo linanikata maini kuliko yote.

Mnamo tarehe 2 mwezi wa sita, saa nne asubuhi, nilipita uwanja wa shule. Polisi walikuwa wanataka maoni ya wananchi, magari yao yapakwe rangi gani, maana watu wamelalamika kuwa meusi yanatisha. Walileta matatu: la kijani, la njano na la bluu. Kila mtu alitakiwa asimame nyuma ya gari lenye rangi aipendayo, ahesabiwe. Mwenye duka la magodoro alisema la njano litafanana na basi la chekechea, watu wakacheka. Bibi mmoja alisema yeye rangi yoyote sawa, mradi wakipigiwa simu waje.

Mimi sikuwa na haja na rangi, nilikuwa napita zangu kwenda kazini. Nilipofika ubavuni mwa gari la bluu, nikaona kioo cha upande wa abiria kiko wazi mgongoni, nyaya zinaning'inia. Nikapanga foleni ile ili nilisogelee. Kinyozi wetu akanitania, "Dada Pasi, kumbe na wewe mtu wa bluu." Nikamwambia ndiyo. Nilipolifikia nikakwangua ukingo wa mlango kwa ukucha. Chini ya bluu palikuwa na nyeupe. Nikahesabiwa na wenzangu. Bluu ilishinda, watu wakapiga makofi, na mimi nikapiga, nisije nikatiliwa shaka.

Leo nimelikuta gari hilo uani hapa, sasa limeandikwa POLISI pande zote. Ile plastiki nimekuja nayo, nimeiweka mezani mbele ya afande. Naomba ikajaribiwe kwenye kioo kile nikiwa nashuhudia. Sijamtaja mtu kwa ubaya. Nauliza tu mdogo wangu yuko wapi. Kama yu hai, nimwone. Kama hayupo, mama aambiwe, aache kumwekea chakula.

Hayo ndiyo niliyoyaona kwa macho yangu. Nimesomewa, nimeyakubali, natia sahihi.

(Sahihi ya shahidi)

Maelezo haya nimeyaandika mimi, konstebo wa zamu. Saa nane na robo mchana nimekwenda uani pamoja na shahidi, tukaijaribu plastiki hiyo kwenye kioo cha gari la bluu. Imeingia. Naandika hivyo sasa hivi, kabla mkuu wa kituo hajarudi.