Orodha Iliyoishia kwa Kipkurui

S.L.P. 118,
Merigi, Bomet.
Jumapili, 9 Machi 2025.

Mpendwa kaka Kipsang,

Chamgei huko kwenye jua la Doha? Naomba Mungu barua hii ikukute mzima, unakula vizuri, na lile jino la Desemba umeling'oa. Sisi hatujambo. Goti la Mama linamuuma kukinyesha, na mvua imeanza juzi, kwa hiyo analalamika na kushukuru kwa pumzi moja.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu simu yangu haina siri nyumba hii. Mwenzangu kazini, Syprose, ana dada anayerudi huko Jumamosi. Atakuletea.

Unajua mimi ndiye karani wa chama chetu cha maziwa. Panya walikula madaftari, basi tukahamishia habari za wanachama kwenye cloud, yaani kompyuta za watu zilizo mbali ambako panya wa Merigi hawafiki. Kuzitoa huko ni lazima uandike code, yaani maagizo ya kompyuta. Nikajitia kimbelembele, nikasema naweza. Nikaandika mistari kumi na miwili, nikaijaribu kwa jina langu, Cherotich, likatoka vizuri. Nilijiona profesa.

Alhamisi ulikuwa uchaguzi wa mwenyekiti. Baba aligombea na Kipkurui, rika lake, ambaye wameshindana tangu ujana juu ya kila kitu chenye kwato. Baba alivaa lile koti la harusi ya dada yetu Chelimo na tai aliyoagiza Kericho. Wiki nzima alikuwa akiwahutubia ng'ombe.

Ilipofika saa nne, msimamizi wa uchaguzi, Bwana Nyamwange kutoka Sotik, akasoma orodha niliyochapa asubuhi. Asiyekuwamo hapigi kura wala hagombei. Akasoma wanawake wote, akina Chep na Cher, akaingia wanaume, akina Kip, akasoma mpaka koo likamkauka. Jina la mwisho likawa Kipkurui. Akakunja karatasi.

Kaka, niliona giza. Baba akasimama, akauliza polepole, "Hii kompyuta inasema mimi Kipruto si member? Na ni mtoto yangu ameandika?" Kisha akaanza kufungua tai. Miaka thelathini amebeba maziwa kwenye chama kile, na mimi, binti yake, nimemfuta mbele ya watu. Nilitamani ardhi inimeze na laptop yangu.

Kipkurui akasema shauri la Mungu halina rufaa, tuendelee na mgombea mmoja.

Nikaomba nusu saa. Mtandao ulikuwa haba, nikapanda juu ya ngazi ya tangi la maziwa na laptop, nimevaa sketi ya kanisa, watu wazima wakitazama kando kwa heshima. Nikampigia Syprose. Akacheka kwanza, ndipo akanieleza. Lile jedwali la wanachama halikupi watu wote kwa mara moja. Linakujazia debe moja, linakuonyesha jina lilipoishia, halafu linangoja uulize tena kuanzia hapo, mpaka liishe. Mimi niliuliza mara moja, nikashukuru, nikaondoka. Kwingine ningeshtuka kuona orodha imekatika katikati ya alfabeti. Huku kwetu niliona kurasa tele za Kip, nikadhani wanaume wamekwisha.

Nikaongeza mistari mitano. Debe la pili likaja na akina Kip waliobaki, Opondo wa dawa za mifugo, na Mama mwenyewe, Rodah, aliyekuwa amenigeuzia mgongo kwa hasira.

Nyamwange akasoma upya kwenye simu yake, nilikomtumia orodha nikiwa bado ngazini, na safari hii akataka kila jina na siku ya mwisho ya kuleta maziwa, maana asiyeleta kwa miezi mitatu huondolewa. Akasoma, "Kipruto, jana." Watu wakapiga makofi. Kisha akasoma, "Kipsang, jana."

Kipkurui akaruka. "Kipsang gani? Huyo ako Qatar miaka sita! Hii ni kura ya hewa!"

Nami nilishangaa kama wao. Unajua tangu uondoke bila kumuaga, Baba hataki jina lako litajwe mezani. Sasa watu wote wakamgeukia. Akatazama gumboot zake, koti la harusi na gumboot, kisha akasema, "Ng'ombe ni yake. Aliacha ndama, imekuwa ng'ombe. Mimi nakamua tu, napeleka kwa namba yake. Mtu akienda safari, jina yake inakufa?"

Mama alilia akijifuta kwa kitambaa cha kichwani. Mimi nililia juu ya ngazi, na kushuka ukilia si rahisi.

Baba alishinda kwa kura tisa. Kipkurui amekuja jana kunywa mursik, maziwa yetu ya kibuyu, na kukosoa zizi, kwa hiyo mambo yamerudi kawaida.

Mama anakusalimu, Chelimo na mumewe pia, na Syprose anayejifanya hakujui. Baba nimemuuliza. Amesema hana salamu. Ila mtamba aliyezaliwa na ng'ombe wako amezaa Ijumaa, jike, na mpaka leo tunamwita "huyo". Baba amekataa kumpa jina. Anasema hiyo ni kazi ya mwenye ng'ombe, na yeye Baba ana simu, apigiwe.

Mungu akulinde, akufungulie njia ya kurudi.

Dada yako anayekupenda bila kukatika,
Cherotich.