Isale kwenye Usukani

Kidia, Old Moshi
Septemba

Kwa Baba mpendwa,

Shikamoo. Ni matumaini yangu unaendelea vizuri huko Tarakea kwa kaka Ezra, na kwamba goti limepunguza ukorofi. Sisi hatujambo. Mama anakusalimu, ng'ombe anatoa maziwa, na kahawa tumeanza kuchuma. Najua utajiuliza kwa nini nimeandika badala ya kupiga simu. Ni kwa sababu simu ungeikata kabla sijamaliza.

Septemba hii mlima uko wazi kila asubuhi na njia zimekauka. Wageni wangu wanapanda kwa baiskeli kutoka Rau, wanaziacha kwetu na kwenda kwa miguu hadi maporomoko, na wanafurahi sana. Shida ni kushuka. Njia nzuri, ile inayofuata mfereji na kupita kwa Mzee Eliufoo, yeye aliiziba kwa miiba tangu sherehe ya kipaimara changu, ulipompa shingo ya mbuzi wakati alistahili kidari. Wewe ulisema hukukosea, naye akasema hatakanyaga kwetu. Basi wageni wanashukia barabara ya malori, wanafika mjini wamejaa vumbi na hawarudi tena. Nilishaanza kutafuta mtu wa kununua baiskeli zangu.

Jumamosi nilikuwa na dada mmoja wa Dar, Brenda, mchangamfu, anayepiga picha kila mgomba. Mpakani mwa shamba letu alipenda majani ya isale, akachuma moja na kulifunga kwenye usukani, eti baiskeli ipendeze. Nilimwona, nikajisemea mwache, ni mgeni. Nikamwelekeza kwamba tukishuka hadi kwenye mparachichi akate kushoto, aingie barabara ya malori. Sijui alikuwa anaangalia nini, maana alinyoosha moja kwa moja, akapasua miiba na kutua kwenye kichanja cha kahawa, uani kwa Mzee Eliufoo.

Nilipomfikia, mzee alikuwa ameshatoka na panga. Brenda alimwamkia, akaomba radhi kwa ajili ya kahawa, na kwa kuwa hakuwa na kitu kingine cha kumpa, akalifungua lile jani na kumkabidhi. Mtu wa Dar angejuaje kwamba kwetu hilo ndilo jani la kuombea msamaha, na kwamba aliyepelekewa hana ruhusa ya kukataa? Mzee alilitazama jani, akanitazama mimi binti yako niliyesimama nyuma, akaweka panga chini na kuvua kofia.

"Kumbe Yohana ametuma," alisema. "Nilijua iko siku."

Baba, hapo ndipo nilipopaswa kusema ukweli. Nilichosema ni, "Ndiyo, mzee." Sikatai kwamba niliiwaza ile njia. Lakini pia alikuwa analia, na mimi sijawahi kumwona akilia.

Basi ndiyo hivyo, umeomba msamaha na umesamehewa. Miiba imeondolewa. Mbuzi amechinjwa, tumekula, na Brenda ameongezwa supu mara mbili. Kidari hakikuguswa. Mama Elisifa, mke wake, amekiweka kwenye friji, na mzee anasema hakiliwi mpaka uje mkikate pamoja. Kila asubuhi anakuja hadi mpakani kuniuliza unarudi lini, na kama bado unacheka kama zamani. Nimemwambia unacheka.

Najua sasa hivi huchekei kitu. Ndiyo maana humu kwenye bahasha nimeweka jani jingine la isale. Hili ni la kwangu kwako. Mila unaijua kuliko mimi, na kama umefika hadi mstari huu, bila shaka umeshalishika mkononi.

Msalimie kaka Ezra na watoto, na dawa ya goti usiache kuipaka. Uje mapema, Baba. Umeme huku unakatika sana.

Ni mimi binti yako akupendaye,
Elinipendo