Baba Mkwe, Ulimtaja Mwanao

Mpendwa Baba mkwe,

Huku ugenini Harrow kunanyesha leo, nami nimekaa jikoni kwako nikikuandikia kwa Kiswahili, lugha yetu sisi wawili humu ndani. Wewe ulizaliwa Mwanza, nyuma ya duka la vitenge la baba yako Mhindi. Mimi nilizaliwa Mwanza pia, kwenye mtaa ambao wewe uliukumbuka ukiwa bado mashamba ya mihogo. Mwanao Jayesh alipokuja kutembea kule, akanipenda, akanioa na kunileta huku, wewe ndiye uliyenipokea uwanja wa ndege. "Karibu, mwanangu Kabula," ulisema. "Mwanza hawajambo?" Nilicheka nikasahau baridi.

Kila Jumapili tulipanda basi hadi ule ukumbi wa Kilburn, ambako wewe na wazee wenzako mliwapikia wali na dengu watu wasio na kitu. Ukutani ilikuwepo picha ya yule mtawa wa Kihindu mliyemfuata, mtu wa zamani aliyetaka kuwatikisa watu wake waamke. Tukimenya vitunguu ulinieleza mafundisho yake kwa maneno yako mwenyewe. Kwamba woga ndio ugonjwa wa kwanza, na mengine yote huzaliwa humo. Kwamba tabia ya mtu haipimwi hekaluni bali nyumbani, mlango ukishafungwa. Kwamba anayemlisha mwenye njaa asijione mfadhili, maana huenda ni Mungu mwenyewe amekuja kashika sahani.

"Wewe una nguvu, Kabula," ulikuwa ukiniambia. "Usiende kuiazima kwa jirani."

Nilikusikiliza huku mbavu zinaniuma.

Jayesh alianza na kofi, wiki niliyopata kazi ya kutunza wazee. Kisha zikaja ngumi, mahali ambapo nguo inafunika. Kisha mkanda. Siku moja alinikaba shingo bafuni mpaka nikaona giza, akaniachia, akafungua maji akaoga kana kwamba sipo. Alikuwa anangoja uvue vile vifaa vyako vya kusikia ulale mchana, ndipo anianze. "Nenda polisi," alinong'ona. "Viza yako inanitegemea mimi, itakwisha, na Meera anabaki kwangu." Binti yetu Meera alikuwa ndiyo kwanza ameanza shule.

Halafu ikaja Jumapili ile niliyokataa kwenda ukumbini kwa sababu jicho langu lilikuwa limevimba. Nilikudanganya kwamba nina mafua. Mchana nilikuwa nachemsha chai, Jayesh akaingia na simu yangu mkononi, anauliza nimeongea na nani. Nilikuwa nimeongea na mama yangu. Alinishika nywele akaniinamisha juu ya jiko, moto ukiwaka. Nilisikia harufu ya nywele zangu zikiungua. Meera alikuwa mlangoni, anamlilia baba yake kwa Kiingereza chake aache, aache.

Wewe ulikuwa umerudi mapema. Uliingia na koti limelowa.

"Mwache," ulisema.

"Baba, panda juu. Huyu ni mke wangu."

"Nimesema mwache, Jayesh."

Hukumwomba tena. Ulikuja na miaka yako themanini na kitu ukajitia katikati yetu, mgongo wako kwangu, uso wako kwake. Alikusukuma. Ukagonga meza, ukaanguka, nikasikia kifundo cha mkono wako kikivunjika kama kuni kavu. Ukainuka. Alikupiga ngumi ya mdomo. Meno yako ya bandia yakaruka mpaka chini ya friji. Ukainuka tena kwa kushikilia kiti, damu inachuruzika kwenye shati, ukasimama palepale. Hapo ndipo nilipochukua mchi wa kutwangia viungo nikampiga nao goti kwa nguvu zangu zote. Alipiga yowe, akaenda chini. Nilinyanyua mchi mara ya pili, na ukanishika mkono kwa ule mkono wako mzima.

"Inatosha. Piga simu, mwanangu."

"Viza yangu, Baba."

"Jiamini kwanza. Viza tutaitafuta."

Polisi walipofika, Jayesh aliwaambia umeteleza, na mimi nina kichaa. Yule askari wa kike alikutazama wewe. Sijawahi kuona uso wa mtu ukizeeka namna ile mbele ya macho yangu. Ukanyoosha kidole.

"Mwanangu ndiye aliyenipiga," ulisema kwa Kiingereza. "Na huyu mkewe, amempiga kuliko alivyonipiga mimi."

Kule hospitalini, mkono wako ukiwa kwenye plasta, uliniambia jambo ambalo sikulitegemea. "Nilishawahi kusikia," ulisema. "Mwaka jana. Mshindo, halafu sauti yako."

"Ukafanya nini?"

"Nikavua vifaa vyangu masikioni."

Baba, wakati ule nilikuchukia kuliko nilivyomchukia yeye. Yeye nilikuwa nimeshamjua. Nilikugeuzia uso ukutani, na tulipotoka tukaishi wiki nyingi nyumba moja bila neno, nakuwekea sahani yako naondoka. Hukujitetea, wala hukunihubiria tena habari za woga.

Kisha wazee wenzako wawili wakaja sebuleni. Nilikuwa ngazini nikasikia wakikusihi ubadilishe maneno yako kabla ya kesi. Mmoja alisema, "Utamfunga mwanao kwa ajili ya mwanamke wa Kiafrika?"

"Mimi ni wa wapi?" uliuliza. Halafu ukasema, "Kama mafundisho yetu yanaishia mlangoni kwangu, basi miaka yote hii tulikuwa tunapika wali tu."

Wakaondoka bila kunywa chai. Mahakamani ulisema yaleyale uliyosema jikoni, Jayesh akafungwa. Kwenye basi la kurudi ulilia kwa sauti, abiria wanatutazama, nami nikakushika ule mkono uliovunjika mpaka tukashuka. Viza kweli tuliitafuta, nikabaki.

Majira ya baridi ukafariki, ukaniacha. Kabla ya hapo uliwatangazia wazee wote ukumbini: "Nikifa, Kabula ndiye atakayenichoma," kazi ambayo kwa desturi yenu ni ya mwana wa kiume. Jayesh alikuwa ameshatoka gerezani. Alikuja pale kwenye tanuri la kuchomea maiti amevaa nyeupe ya msiba, na tulipoitwa kubonyeza kitufe cha kuwasha moto akanibana mkono, mahali pale pale alipozoea.

"Mimi ndiye mwanawe," alisema. "Toka."

Nilimtazama machoni, nikamwambia kwa Kiswahili, kwa sauti iliyofika viti vya nyuma: "Niachie mkono."

Akaniachia. Hakuna mzee aliyeinuka kumtetea. Nikamwita Meera, nikaweka kidole chake chini ya changu, tukabonyeza. Moto ukavuma. Nyuma yetu Jayesh alikuwa analia, na sikugeuka.

Wiki yako ya mwisho uliniuliza kama nimekusamehe ule mwaka uliovua vifaa vyako. Nilikwambia unywe uji usije ukapoa. Sikuwa na jibu, na sikutaka kukupa la uongo kwa sababu tu unakufa. Sasa ninalo, Baba. Ndiyo. Sijasahau, lakini ndiyo.

Lala salama.

Mkamwana wako,
Kabula