Darasa Alilolibomoa Rehema

Mikumi

Dada yangu mpenzi, Mama Daudi,

Shikamoo. Magoti yanakubali kupanda shamba la mlimani, au bado yanagoma? Mimi mwili mzima, ila moyo umelala chini, hauinuki.

Unakumbuka nilivyowatangazia wote hapo Berega kwamba Rehema, mwanangu wa kumzaa, ndiye aliyechora darasa la awali la huku. Sikutia chumvi. Matofali ya udongo na saruji kidogo, hayachomwi, hakuna mti unaokatwa, yanashikana kama magego. Darasa linasimama kwa wiki chache, ili watoto wadogo wasivuke tena barabara ya malori. Nani mwingine katika ukoo wetu ana kichwa hicho?

Lakini tofali hilo likishafyatuliwa hufunikwa nyasi mbichi na kumwagiliwa, likomae polepole. Rehema alikuwa Kilosa mjini kufuatilia mabati. Kiangazi hiki, dada, jani la kijani hulioni. Ng'ombe wa jirani yetu mfugaji wakapita, wakazila nyasi zote. Nikamfokea. Akanijibu taratibu, "Mama, mmetandika majani mabichi kama mkeka wa mgeni. Ng'ombe atajuaje kwamba mgeni ni tofali?"

Jua likayachoma matofali kabla hayajakomaa. Shule inakaribia kufunguliwa, mwenyekiti wa kamati akasema, "Tofali kavu ni tofali tayari. Jengeni." Rehema akarudi akakuta kuta zimesimama, akina mama tunapiga vigelegele. Akachukua msumari, akakwaruza. Tofali likamwagika kama unga.

"Binti, piga lipu, itafunika," mwenyekiti akasema.

"Lipu haizuii ukuta kumwangukia mtoto."

Akashika nyundo mwenyewe.

Saruji imekwisha, na wafadhili waliotupa ile ya kwanza hawapokei simu. Watoto wanavuka barabara kama zamani. Honi ikilia tu, nasimama. Rehema hali, michoro kaisukumia uvunguni. Sokoni wanamwita Injinia Bomoa, wanacheka hadi wanashika mbavu. Nimeomba mpaka maneno yameniishia. Sioni njia, dada.

Nisalimie shemeji, na mkwe wako aliyejifungua, na mama mchungaji aliyenifundisha kusoma.

Wakikuuliza kanisani lile darasa la Mama Rehema liko wapi, usinifichie aibu. Waambie halipo. Waambie mwanangu ndiye aliyelibomoa, na hakuna mtoto aliyezikwa.

Mdogo wako anayekuwaza,
Mama Rehema