Damu Haina Zamu

Baba,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini sijui kuanza kuongea na wewe bila kukuamkia. Ungenirudisha mlangoni niingie upya, kama siku ile nilipokuja mbio na matokeo yangu ya kidato cha sita.

Nimekaa kwenye jiwe lako, lile la pale mfereji unapogawanyika, ulipokuwa ukisimama kuwagawia watu maji. Kaburi lako naliona kutoka hapa, katikati ya migomba. Mama alipanda maua pembeni na mbuzi wa jirani wameshayala mara mbili. Ungekuwepo, kesi ingekuwa imeshafika kwa balozi wa nyumba kumi. Nimetoka kwangu Moshono asubuhi hii nikapanda mpaka hapa Nkoaranga kwa sababu nina habari, na nimeshamwambia kila mtu isipokuwa wewe.

Baba, si mimi niliyekuua.

Naona hata aibu kuiandika. Hukuwahi kujua kwamba nilidhani hivyo, maana nilianza kudhani baada ya wewe kuondoka. Unakumbuka ilivyokuwa. Madaktari walisema mshipa mmoja wa moyo wako umekaribia kuziba, wakataka kukuwekea stenti, ule wavu mdogo wa chuma unaoushikilia mshipa ubaki wazi. Ukakataa. Ulisema umekunywa maji ya mlima huu maisha yako yote, hujawahi kutiwa chuma mwilini na huanzi leo. Ni mimi niliyekaa jikoni kwa Mama siku mbili nikikubembeleza, mpaka nikakuchorea moyo nyuma ya kalenda ya usharika. Ukautazama ule mchoro, ukasema, "Kumbe ni mifereji tu." Ukakubali. Miezi kumi na mmoja baadaye ulianguka hapa hapa, jembe mkononi, na watu walipokufikia ulikuwa umeshakwenda.

Msibani hakuna aliyenilaumu usoni. Baba Mdogo Elibariki peke yake ndiye aliyesema, hata haniangalii, "Ni kile chuma." Hakuwa na ubaya, alikuwa anamlilia kaka yake. Lakini neno lile liliniingia likakaa. Nilikula, nikacheka na watu, nikarudi chuoni, nalo lipo tu.

Ndiyo maana ulipofika wakati wa kuchagua utafiti wa shahada ya uzamili, msimamizi wangu alishangaa. Alinijua kwa mambo ya mabomba ya maji. Nikamwambia nataka kupima kwa kompyuta jinsi damu inavyopita kwenye mshipa wa moyo wenye stenti. Mshipa wa nani, nilikuja kumwambia baadaye, ilipohitajika ruhusa. Mama akaweka sahihi ili picha zako za uchunguzi wa mwisho, zile ulizopigwa mwezi mmoja kabla hujaanguka, zitumike.

Kazi yenyewe si ngeni kwako. Kompyuta inachukua zile picha, inaujenga mshipa upya kama bomba, inaugawa vipande vidogo vidogo sana, na katika kila kipande inakokotoa damu inakwenda wapi na kwa kasi gani. Panapopita vizuri mimi napaona pekundu, panapopita polepole ni bluu. Damu ikilala mahali inaweza kuganda, na ikiganda ndani ya stenti mtu anaweza kufa pale pale.

Mahesabu ya kwanza yalipokwisha, katikati ya stenti yako palikuwa na doa la bluu. Damu ilikuwa inazunguka hapo hapo, haitoki.

Sitaki kuzikumbuka wiki zile. Jumapili nilikuja nyumbani, nikaenda ibadani, nikala loshoro ya Mama, yale mahindi ya maziwa ya mgando, kama mtu anayekula karatasi. Na ni wiki hizo hizo Baba Mdogo alipoanza kukosa pumzi akipanda kutoka barabarani. Vipimo vikaonyesha ana tatizo kama lako. Akaambiwa stenti. Akajibu kwamba afadhali afe na mshipa wake kuliko afe na chuma kilichomwua kaka yake. Mama akaniomba niongee naye kwa kuwa mimi ndiye ninayeyajua haya. Ningemwambia nini, Baba? Nilikuwa na lile doa kwenye begi.

Mwishowe Mama ndiye aliyenibana. Nilikuwa nimefungua kompyuta mezani, yeye kasimama nyuma yangu na ungo wa maharage. Nikamwambia yote, nikamwonyesha doa, nikalia. Yeye hakulia. Aliinama, akagusa kioo kwa kidole, akauliza, "Na huu mfereji mdogo hapa, nani ameuziba?"

Nikamjibu nimeuziba mimi. Ni kijishipa kinachochepuka katikati ya stenti. Nilitaka kujua ule mkubwa unapitisha damu vipi, kwa hiyo nikakifunga cha pembeni karibu na mdomo wake, bila hata kufikiri. Kwa nini nifikiri? Ndivyo ulivyonifundisha. Siku ya zamu ya mtu, mifereji yote ya pembeni inazibwa kwa udongo na magome ya migomba, maji yaende kwake peke yake. Nimeziba hivyo tangu nina miaka saba, na wewe juu ya jiwe hili unanikemea kwamba bado panavuja.

Mama akasema, "Kwani moyo nao una zamu?"

Moyo hauna zamu. Damu inakwenda kote kwa wakati mmoja, kwenye mishipa mikubwa na midogo, na picha zako zilionyesha wazi kwamba kijishipa kile kinapitisha. Mimi nilikikata nikaacha kipande kifupi kilichozibwa mbele. Damu ikaingia humo ikakosa pa kutokea, kama maji yanavyolala kwenye mdomo wa mfereji uliozibwa, pale vyura wanapopapenda. Nilichimba dimbwi mwenyewe, halafu nikakilaumu chuma. Halafu nikajilaumu mimi niliyekubembeleza ukubali hicho chuma.

Nikakifungua. Mahesabu yalichukua siku tatu, na doa likaondoka. Nikarudia yote tangu mwanzo kwa sababu sikujiamini. Halikurudi. Msimamizi akanipeleka kwa daktari wa moyo, akayapitia yote taratibu. Alikuwa mkweli. Alisema kompyuta haiwezi kujua nini kilikuchukua asubuhi ile ulipoanguka, na sasa hakuna atakayejua. Ila mwezi mmoja kabla, pale penye chuma, damu ilikuwa inapita vizuri. Na kwa jinsi mshipa ulivyokuwa umeziba mwanzoni, huenda hata ile miezi kumi na mmoja usingeipata.

Nilitoka pale nikakaa kwenye ngazi za jengo nikacheka peke yangu, watu wananipita. Baba, nimepata nafuu ambayo siwezi kuieleza. Ile miezi ulichuma kahawa yako mwenyewe. Ulimpeleka mjukuu wako kubatizwa. Ulipanda mpaka kwenye chanzo cha maji ukarudi, ukanipigia simu kujisifu kwamba vijana wote umewaacha nyuma.

Baba Mdogo nilimwonyesha picha zote mbili, ya kosa na ya sahihi. Nilidhani ya sahihi ndiyo itakayomshawishi, kumbe ni ya kosa. Alisema ni mtoto wa mgawa maji tu anayeweza kuuwekea moyo zamu, akacheka mpaka pumzi ikamwishia, ikabidi ashike ukuta. Alipotulia alisema, "Haya, nipelekeni." Aliwekewa miezi mitatu iliyopita. Mama anasimama mbele yake kila asubuhi mpaka ameze vidonge vyake, maana unamjua.

Leo ni zamu yetu ya maji, na wazee wamemruhusu Baba Mdogo asimame kwenye jiwe lako. Kwa hiyo naondoka hapa, nimpishe. Pumzika, Baba. Nakuahidi kwamba kila mshipa nitakaoukokotoa, wa mtu yeyote, nitaanza na vijishipa vya pembeni. Na nikikukumbuka, nitakukumbuka bila kujishtaki.

Namwona anapanda, jembe begani, hajasimama njiani hata mara moja. Ameshafika, Baba, na hatweti.

Mwanao,
Upendo